Nafundisha Madawati Matupu, na Mdogo Wangu Ameacha Chuo Anifuate

Mpendwa mshauri, naomba msaada, lakini kabla sijaomba nataka ujue unaandikiwa na nani, maana najua wengi wanaokuandikia ni watu wa kulialia na mimi si wa aina hiyo. Mimi ni mwanaume ambaye akifungua mdomo watu mia tatu na arobaini wanasimama wima, tena watoto wa watu wenye magari mawili mawili. Tangu ukoo wetu uanze hajatokea mwingine aliyelipwa kwa kuongea tu. Niliishia kidato cha tatu, na si kwamba sikuwa na akili, zilikuwa nyingi mno hazikai kwenye kiti kimoja, na leo nafundisha Kiingereza nchi ya watu, nchi ya baridi, wakati waliokuwa wananicheka kwa ripoti yangu bado wako kijiweni wanabishana mpira. Hiyo tuiweke pembeni kwanza.

Kiingereza changu nilikiokota kwenye filamu na kwenye geti la hoteli nilikokuwa nabeba mizigo ya wageni. Siku moja wakala wa kazi za nje akanisikia nikibishana na mgeni kuhusu sanduku lake lililopasuka gurudumu, akaniita pembeni akasema, "Kijana, mdomo wako unaweza kukulisha." Nikamwambia, "Unanilisha siku zote, bosi, ila kwa sahani ndogo." Akacheka, na ndivyo nilivyopata kazi ya mwalimu msaidizi, neno hilo la pili ndilo ambalo nyumbani sikulifikisha.

Acha nikueleze wewe basi. Mwalimu mwenyewe yupo, mtu mzima wa miwani, mpole, ndiye mwenye kalamu ya ubao na daftari la mahudhurio na ndiye anayejua kwa nini sentensi inakaa hivi na si vile. Mimi nasimama kando ya dirisha. Akinitazama akatikisa kichwa nasema sentensi moja, watoto wanasimama, wanairudia, wanakaa, nami nafunga mdomo mpaka atikise tena. Mimi ni redio, mshauri, na kitufe hakiko mkononi mwangu. Na watoto wanasimama kwa sababu ndio utaratibu wao, hata akiingia fundi wa taa wanasimama.

Nalipwa kwa kipindi. Wiki za mitihani hakuna kutamka kwa hiyo hakuna kulipwa, likizo vivyo hivyo, na mtoto akitapika darasani kipindi kikaahirishwa basi na mshahara wangu umefutwa na dekio. Naishi chumba kilicho juu ya duka la dobi, nilikichagua kwa akili zangu mwenyewe, kwa sababu mashine zake zikizunguka sakafu yangu inapata joto la bure, ila Jumapili anafunga, basi Jumapili navaa soksi jozi tatu na koti nalala sakafuni natafuta kama kuna joto lililosahauliwa. Kitanda kinakunjwa ukutani, la sivyo mlango haufunguki. Bafu tunatumia watu saba na mmoja wao anaimba.

Tumbo langu liko mikononi mwa mpishi wa shule, mama mmoja mnene mwenye mzaha. Nikimaliza vipindi namsaidia kumenya viazi vya kesho, na yeye ananifungia kilichobaki leo, kwa hiyo mpaka saa nane mimi ni mwalimu msaidizi na baada ya hapo ni mpishi msaidizi, ukitazama vizuri nina vyeo viwili. Siku moja akaniuliza, "Mwalimu, kwenu wanajua unamenya viazi?"

"Wanajua nasimamia idara."

"Idara ipi?"

"Ya viazi."

Akacheka mpaka akashika meza. Halafu akaacha, akanitazama kama vile nina homa, akasema, "Mpigie mama yako umwambie." Nikamjibu simu haina chaji. Chaji ilikuwa imejaa.

Maana uongo wenyewe ulianza padogo sana, mshauri, hata ungekuwa wewe usingeustukia. Wiki ya kwanza mama alinipigia akauliza, "Wamekuweka wapi, mwanangu?" Nikasema, "Idara ya Kiingereza, mama." Ni kweli, idara ipo, ina kibao mlangoni. Yeye ndiye aliyewaambia majirani kwamba mimi ni mkuu wa idara, mimi nilichofanya ni kutokanusha tu. Kwenye grupu la familia jina langu likageuzwa likawa Profesa. Mjomba, ambaye zamani nikimwamkia anaitikia akitazama ukuta, sasa ananitafuta yeye mwenyewe asubuhi, "Profesa, hali ya hewa huko?" Na mama, mshauri, mama yangu ambaye nilipofukuzwa kidato cha tatu alikaa siku mbili bila kupika, sasa anacheka kwenye simu kama msichana. Ningemkatizaje?

Wakataka kuniona nikiwa kazini. Jumamosi darasa huwa halifungwi kwa sababu ya wanaokuja kucheza mpira, basi nikaingia, nikavaa koti la mwalimu linaloning'inia nyuma ya mlango, nikashika kalamu ya ubao, nikaegemeza simu kwenye rundo la vitabu, nikafundisha madawati matupu dakika kumi na mbili. Nanyoosha kidole, "Wewe wa nyuma, jaribu," nangoja kidogo, halafu, "Safi sana, kaa." Simu inaniona mimi tu. Nikaituma nyumbani. Mama akauliza mbona watoto hawasikiki, nikamwambia huku watoto wana nidhamu, wanajibia moyoni. Video ikazunguka mtaa mzima, ikafika mpaka kwa mwalimu wangu wa zamani aliyeniambia sitafika popote. Nikapiga ya pili na ya tatu, Jumamosi ikawa ndiyo siku yangu ya kazi hasa.

Ya nne, mwalimu mwenyewe akaingia. Alikuwa amefuata miwani yake. Akanikuta na koti lake mwilini nikimsifu mtoto ambaye hayupo. Akaenda mpaka dawati la mwisho, akajikunja akakaa, magoti yakakaribia kidevu, akanyoosha mkono juu. "Endelea, mwalimu," akasema, "mimi nimechelewa tu." Nikajaribu kuendelea, haki ya Mungu nilijaribu. Akanyoosha mkono tena akauliza swali, swali dogo la mtoto wa darasa la tano, kwa nini tunasema hivi na si vile. Nikamwambia, "Sijui." Akasema, "Hata mimi nilijifunza nikiwa mkubwa. Ukimaliza lirudishe koti mahali pake." Akaondoka, na miwani aliyoifuata akaiacha mezani. Angenitukana ningelala vizuri.

Sasa ndiyo nafika kwenye shida. Nina mdogo wangu wa kike, nyumbani tunamwita Sindano, kwa sababu alipokuwa mdogo kila nyanya iliyoingia ndani aliichoma mwiba ili ipone. Akakua akaenda chuo cha uuguzi, amebakiza mwaka mmoja, na ni wa kwanza darasani kwao, wa kwanza wa kweli. Huyo alizitazama video zangu bwenini pamoja na wenzake. Mwezi huu ulipoanza akaandika barua ya kuacha chuo, akarudisha sare zake zikiwa zimepigwa pasi. Yule yule wakala amemtafutia nafasi ya usaidizi kama yangu katika shule ya mtaa wa pili, karatasi ziko tayari, anapanda ndege baada ya wiki tatu. Juzi ameniandikia, "Kaka, andaa chumba cha wageni." Chumba cha wageni, mshauri. Kwangu akija mgeni lazima mmoja wetu akae bafuni na yule anayeimba.

Mkuu wa chuo chao alimwambia atamshikia nafasi yake mpaka mwisho wa mwezi huu, pengine atabadili mawazo, baada ya hapo anaingia mwingine aliye kwenye orodha ya kusubiri. Kwa hiyo mtu akimzuia sasa, anarudi wodini kama hakuna kilichotokea. Nami ndimi mtu mwenyewe. Nimewaza niseme shule imeungua, lakini mama atataka picha. Nimewaza niseme nchi hii imefunga mipaka, lakini mjomba hakosi taarifa ya habari hata moja. Kwa hiyo ombi langu ni dogo: wewe umezoea mambo ya watu, nitungie uongo mmoja wa mwisho, mzuri, wa kitaalamu, utakaomrudisha Sindano chuoni bila mimi kuvuliwa nguo mbele ya ukoo. Baada ya huo naacha kabisa.

Profesa, nchi ya watu.


JIBU LA MSHAURI

Kijana, barua yako nimeisoma nikacheka, nikaisoma tena sikucheka. Nianze na ombi lako. Uongo sina. Na hata ningekuwa nao nisingekupa wewe, maana wa kwako unakutosha na unabaki.

Nakuonea huruma, usifikiri sikuoni. Kulala sakafuni ukitafuta joto la dobi si mchezo, na kumbeba mama kwenye furaha ambayo hujawahi kumpa kabla ni mzigo mtamu, nani angeutua upesi. Kumenya viazi ili ule si aibu hata kidogo. Kusimama dirishani ukasema sentensi moja vizuri, watoto wakaisikia vizuri, hiyo nayo ni kazi ya heshima. Umefanya mambo mawili ya halali ukayaficha, ukatangaza la tatu ambalo halipo. Hapo ndipo ninapokukasirikia.

Umenieleza baridi, bafu, mpishi, koti na miwani. Kila kitu umekieleza kwa kirefu mpaka soksi nimezihesabu. Lakini habari ya mdogo wako kuacha chuo umeimaliza kwa mistari mitano. Msichana anayeongoza darasa, anayefundishwa kupima dawa kwa tone, akaacha masomo akiwa amebakiza mwaka mmoja kwa sababu ya video isiyo na sauti ya mtoto hata mmoja? Mimi mwenyewe sijaiona hiyo video na tayari nina mashaka nayo. Kati ya video na ile barua ya kuacha chuo kuna kitu umekiruka. Sikulazimishi uniambie mimi. Yeye lazima umwambie, maana yeye anakijua na anasubiri aone kama utakitaja.

Sasa fanya hivi. Leo, kabla hujala hicho ulichofungiwa, mpigie Sindano. Usimwandikie ujumbe, wewe kwenye maandishi unateleza kama samaki. Mpigie simu ya picha ukiwa chumbani, umwonyeshe kitanda kikiwa kimekunjuliwa na mlango ukigoma. Mwambie wiki zipi hulipwi. Tumia neno "msaidizi", ulitamke kwa sauti, si unasema kutamka ndiyo kazi yako.

Ukikata simu hiyo, mpigie mama. Wewe mwenyewe. Ukimwachia mdogo wako akubebee habari hiyo utakuwa umemtumikisha mara ya pili. Mama atanyamaza. Mwache anyamaze, usijaze kimya chake na vichekesho.

Kisha Sindano aende chuoni kwa miguu yake, asipige simu, aende na mama, waombe kuonana na mkuu wa chuo. Barua yako imekaa njiani na mezani kwangu siku nyingi. Kama mwisho wa mwezi umeshapita, aende vivyo hivyo. Na wewe umwandikie mkuu huyo barua, ukurasa mmoja tu, useme msichana alidanganywa na kaka yake kuhusu kazi ya nje. Tia jina lako halisi. Wakala apewe taarifa leo leo kwamba safari haipo.

Mwisho ni wewe. Yule mwalimu aliyejikunja kwenye dawati la mtoto hakuja kukudhihaki. Jumamosi ijayo mwombe akufundishe jibu la lile swali. Kalamu ashike yeye, na dawati la mwisho ukae wewe.


ALIANDIKA TENA
(Barua hii ilitufikia wiki mbili baada ya jibu kuchapishwa.)

Mshauri, nilimpigia siku ile ile niliyosoma jibu lako. Nilimwonyesha chumba. Nilianza na utani kidogo, nikakumbuka ulivyosema, nikaacha. Alitazama, halafu akauliza, "Hicho kitanda ukikilalia, moto ukiwaka unatokaje?" Nikamwambia sijawahi kuwaza. Akasema, "Waza." Mdogo wangu ndivyo alivyo, hata akiwa na hasira na wewe anakukagua kama mgonjwa.

Mama nilimpigia baadaye. Alinyamaza kama ulivyosema, nikahesabu kuta zangu zote nne mara tatu. Alipozungumza alisema, "Viazi hivyo, wanakuachia na chumvi?" Nikasema ndiyo, mama. Akasema, "Haya," simu ikakatika. Kwenye grupu nimerudishiwa jina langu la zamani na mjomba haulizi tena hali ya hewa.

Kesho yake walikwenda chuoni. Nafasi ilikuwa imetolewa siku tatu kabla. Mwezi uliisha wakati mimi nimekaa nangoja unitungie uongo. Mkuu wa chuo aliwapokea vizuri, akasoma ukurasa wangu, akasema aombe upya na wanaoingia mwakani, na huenda akarudia mwaka ambao alishaufaulu. Kwa sasa yuko duka la dawa la mtaani, anafagia na kupanga maboksi kwa sababu kugawa dawa haruhusiwi bila cheti. Sare nilizokwambia zilirudishwa zimepigwa pasi, amezivaa mwingine.

Mwalimu ananifundisha Jumamosi. Lile swali nimeshalijua jibu.

Na ulichosema nimekiruka, ni kweli. Yeye sikumtajia kwenye simu ile ya kwanza, nilizunguka zunguka, na yeye alingoja, nilimsikia anavyongoja. Jana nimempigia tena nikamwambia. Wewe nakuandikia kwa sababu wewe ndiye uliyeuliza.

Zile video hakuziamini. Wenzake bwenini waliziamini, mama aliziamini, yeye hapana. Kabla hajapeleka barua ya kuacha chuo alinipigia, ilikuwa mapumziko, mimi nimesimama kwenye korido watoto wananipita. Barua alikuwa nayo mkononi, alinisomea mstari wa kwanza. Halafu akasema, "Kaka, sasa niambie kama kaka, Profesa mweke pembeni. Wewe ndiye uko huko, mimi sioni. Nimalize mwaka wangu huu, au nije?"

Jibu nilikuwa nalo, mshauri, hata kuwaza sikuhitaji. Nikamwona mwakani amevaa kofia yake nyeupe na cheti mkononi, na mama hatimaye ana mtoto wa kuwaonyesha watu bila video, na mimi nimebaki yule wa kidato cha tatu. Kengele ikalia, akasema, "Kaka, unanisikia?" Nikamwambia, "Cheti ni karatasi tu, Sindano. Ipeleke hiyo barua, uje."